Freya Hanitazami Mimi

Edmonton, London
Novemba

Dada yangu Placida,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yamepata nafuu. Mimi sijambo, kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa hajambo. Baridi ya huku haina adabu, lakini tumezoeana.

Umeniuliza, tena kwa ukali, kama ni kweli nimefuga mbwa ndani ya nyumba. Ni kweli, dada. Hebu nikueleze. Marehemu mwanangu Deus alipenda mchezo wa kuendesha mbwa wanaovuta sleji, kile chombo cha kuteleza juu ya theluji. London theluji ni ya kubahatisha, kwa hiyo wenye mchezo huo huwafunga mbwa kwenye kigari cha magurudumu matatu na kukimbia nao msituni. Mbwa wa mbele ndiye anayesikiliza amri; wengine humfuata yeye. Wa Deus aliitwa Freya, jike la kijivu, macho meupe kama maji.

Tangu moyo wa Deus uliposimama ghafla kazini, Freya alikataa kuongoza. Mwendeshaji mwenzake, binti aitwaye Emma, alimtunza, kisha akaja kuniomba nimchukue, kwa kuwa mbwa amezeeka na amestaafu kama mimi. Alinisimulia, akicheka huku anajifuta machozi, kwamba Deus alikuwa na maneno yake ya kumnong'oneza Freya, na wenzake walimtania kuwa anamroga mbwa. Hakuna aliyeyashika maneno hayo. Tukakubaliana kuwa asipokula kwangu hadi Jumapili, Emma atamchukua tena.

Hakula. Alilala ukumbini akiutazama mlango. Nilimbembeleza kwa Kiingereza safi, kile nilichofundishia miaka yote, maana mbwa wa London ataelewa nini kingine? Akageuza uso ukutani. Ijumaa nilishaona nampoteza kiumbe wa mwisho aliyekuwa akilala miguuni pa mwanangu.

Ndipo ukanitumia ile sauti kwenye simu, ukinigombeza kwamba nimekonda. Niliifungua jikoni. Ulipofika pale pa "Haya basi, kula, usinitie aibu," Freya aliinuka, akaja kwenye bakuli lake, akala akamaliza. Nikabaki nimeshika simu. Nikajaribu mwenyewe. Nilisema njoo, akaja. Nilisema kaa, akakaa. Nilisema kulia, akageuka kulia, akagonga kabati.

Unakumbuka Deus alivyoishi kwako Bukoba mwaka mzima, akiwa darasa la pili? Tangu arudi, nilimsemesha Kiswahili, naye akanijibu Kiingereza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilimzika nikiamini ameitupa lugha yetu. Kumbe aliipeleka msituni akampa mbwa, tena kwa maneno yako, pamoja na hiyo "haya basi" yako ya kukemea.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata padri. Kila nikitoa amri, Freya huitii, lakini hanitazami mimi. Hutazama nyuma ya bega langu, juu kidogo, pale ambapo kichwa cha Deus kingefika, na mkia hutikisika. Mwanzoni nilijifariji kisomi, kwamba mnyama hufuata mazoea. Jana asubuhi nilisema twende. Akatazama pale pale, kisha macho yake yakaanza kusogea taratibu, kama mtu anapomwona mwenzake anakuja. Ukumbi wetu ni mwembamba, dada. Sikugeuka. Nilijibana ukutani, nimpishe.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Ukimwombea Deus misa parokiani, omba apumzike. Ila usiombe aende mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Telesphor