Klarineti ya Baba na Piano ya Karavia

Lubumbashi, Kongo

Mama yangu mpenzi,

Hamjambo huko Pweto? Goti lako linaendeleaje, na samaki wanakauka, au mvua imewaharibu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaniuma, na nataka usikie kwangu kabla wengine hawajakuletea habari zao.

Unamkumbuka Madame Béatrice wa mtaa wa Karavia, niliyemtengenezea kiti cha piano? Kila Jumamosi tulikuwa tunapiga pamoja kwake, yeye piano, mimi klarineti ya marehemu Baba. Miezi minne, Mama, sonata moja tu ya Mjerumani wa zamani! Kwenye sehemu ya polepole vyombo vinajibizana kama watu waliopendana wakachelewa kuambiana. Niliipiga machozi yakinilenga. Mpishi wake aliacha sufuria motoni aje kusikiliza.

Madame akaandaa tamasha, akamwalika mkurugenzi wa shule anayetafuta mwalimu wa muziki. Nikipiga vizuri, kazi ni yangu. Mazoezi ukumbini hatukufanya, maana kulikuwa na harusi mpaka jioni.

Noti ya kwanza tu, watu wakakunja nyuso. Piano huku, mimi kule. Nikakaza midomo, nikavuta chombo, nikasukuma, wapi! Tukasimama.

"Madame, hii piano iko juu," nikamnong'oneza.

"Non, hii iko juste. Ile ya ku nyumba ndiyo iko chini. Accordeur, fundi wa piano, alishushaka makamba yote nusu ton, ili isikatike."

Hapo ndipo nikaelewa. Klarineti ya Baba ni ya aina ile ndefu kidogo, nayo iko chini nusu sauti kuliko ya kawaida. Baba hakujua, wala mimi. Pweto tulipiga na kwaya peke yake, na kwaya hufuata sauti yoyote inayopewa. Kwa piano ile iliyoshushwa tulilingana kwa bahati tu. Lakini yeye siri ya piano yake aliijua, Mama, na hakunifungulia mdomo hata siku moja!

Kisha akawageukia watu: "Mutusamehe. Huyu papa alizoea fanfare ya ku village."

Eti bendi ya matarumbeta ya kijijini! Wakacheka. Nikashuka jukwaani, akapiga peke yake, wakampigia makofi wamesimama. Mkurugenzi alinipita mlangoni bila salamu.

Jana Madame alimtuma dereva wake: nije Jumamosi kama kawaida, kwake nyumbani. Nyumbani napendeza, mbele za watu namtia aibu! Nimemwambia dereva siendi, wala Madame asinitume tena mtu.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na yaya Mumba, kaka yangu mkubwa aliyetaka tuuze klarineti anunue nyavu. Mwambie bado siuzi. Msalimie pia katekista wetu wa kwaya. Wanakwaya wakikuuliza, usiseme niliugua. Waambie nilipiga kila noti kama ilivyoandikwa.

Mwanao anayekukumbuka,
Kasongo