Mwanaidi na Harufu ya Udongo

Korogwe, mwezi wa Rajabu

Mdogo wangu Mwantumu,

Salamu hizi zikukute umesimama kwa miguu yako, wewe na wote wa Chanika. Lile goti limepoa? Mahindi yamepona nzige? Mimi kifua kinanisumbua, na mashamba ya katani hapa bado yanakula watu. Barua hii akusomee mwanao Hassani, mkiwa wawili tu, kwa kuwa inamhusu binti yako Mwanaidi.

Unakumbuka alipoota meno ya juu kwanza, wazee wa mumeo wakasema kigego hakai nyumbani, atamaliza ukoo. Kwetu Wazigua mtoto ni wa mjomba, nami nikamchukua kabla hawajamtupa porini. Amekua na hajaua mtu. Lakini lipo jambo nililokuficha: mtu akikaribia kufa, Mwanaidi husikia kwake harufu ya udongo uliofukuliwa.

Mwaka jana alimwambia jirani yetu kwamba mtoto wake mchanga ana harufu hiyo, akidhani anamsaidia. Mtoto akafa kwa homa. Tangu hapo wanawake mtoni humpigia kelele, "Kigego, leo unamzika nani?" Akaacha kabisa kusema anachosikia. Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba asikiaye ngurumo siye aletaye mvua.

Kisha akaugua mpagazi mmoja mzee, asiye na ndugu huku. Mwanaidi akaingia kwake na uji. Akamwosha, akamnywesha, akakaa akimsikiliza anataja majina ya watoto wake mpaka sauti ikakatika. Aliporudi akasema, "Mjomba, nadhani sikupewa hiki kitu ili niseme. Nimepewa ili niwahi."

Usidhani watu walimshukuru. Walisema amemmaliza. Nyapara wa shamba naye ametishia kumpeleka bomani, na tangu waganga walipochochea vita vya kusini, Wadachi humtia mnyororoni mtu yeyote anayesemekana kuona mambo. Kinachowazuia ni mvi zangu tu.

Sasa sababu ya kuandika. Tangu Ijumaa Mwanaidi hatoki nyumbani. Amekaa kando ya kitanda changu, ananipikia uji nisiouomba. Nikamwuliza, "Unasikia harufu gani, binti yangu?"

Akajibu, "Kunywa, mjomba, utapoa."

Basi nimeelewa. Usitume mtu. Vuka mto, uje umchukue mwenyewe, na ufanye haraka, maana nikishazikwa hawatamwacha. Mumeo akikataa kigego ndani ya nyumba yake, mjengee binti kibanda shambani kwako, lakini awe na mama.

Yeye hataki kuja kwako, na si kwa hasira. Anaogopa kwamba akikukumbatia atasikia ile harufu. Jana aliniuliza, "Mama ataweza kuishi na mtu anayejua?" Swali hilo ni lako, Mwantumu, nawe ndiye wa kulijibu mbele yake.

Mama yetu mkubwa mpe shikamoo yangu, umwambie asinililie mapema. Shemeji mwambie sina kinyongo naye. Hassani, mwanangu, msindikize mama yako. Kivuko kimejaa maji.

Kaka yako wa tumbo moja,
Mwalimu Omari