Farasi Aliyeinamisha Kichwa

La Rochelle, Alhamisi, katikati ya Julai.

Huku kusini, jirani na Lesotho, Julai ndiyo kipupwe, na baridi ya leo imeingia mpaka kwenye meno. Jua lipo, linang'aa vizuri, na halifanyi kazi yoyote.

Nina wivu. Naandika mapema, nisije nikajifanya nimekuja hapa kueleza historia.

Kwa msionijua: naishi mtaa huu wa La Rochelle, na mimi ni mlinzi wa jengo moja la ofisi pale Marshalltown, katikati ya jiji. Nasimama getini, nje. Ndani, mapokezi, kuna kiti cha magurudumu, na chini ya meza kuna hita. Aliyekuwa akikikalia amestaafu. Madam Thandi, meneja wetu, amesema Jumatatu atachagua mmoja kati ya wawili: mimi, mwenye miaka minne getini, au Salimu wa Tanga, aliyeanza kazi Machi.

Nyuma ya kiti hicho imetundikwa picha ya farasi wa kahawia, kichwa kimeinama. Ni farasi wa Cape, aina ya zamani ya huku kusini. Buyenzi nilikozaliwa sikuwahi kuona farasi, labda ndiyo maana huyu alinishika. Nilinunua kitabu cha mtumba kisicho na jalada kwa mchuuzi wa barabarani, nikakisoma na kamusi ya simu, ukurasa kwa ukurasa.

Mababu zake waliletwa kwa meli kutoka Java, Wadachi walipoanza kukaa Cape. Baadaye wakachanganywa na farasi wa Kiarabu na wa Kiingereza. Akatoka mnyama mfupi, mbaya kidogo wa sura, kwato ngumu, anayekula kidogo na kwenda mbali. Alikuwa na mwendo wake, si kutembea wala si kukimbia, miguu ikipokezana taratibu hata aliyempanda hachoki mgongo. Waingereza walimnunua wakampeleka India kwa askari wao. Kisha visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, wakamletea ugonjwa uliomuua kwa makundi. Waliobaki, vita vya Waingereza na Makaburu viliwamaliza. Leo hayupo. Damu yake inatembea Lesotho, kwenye farasi wadogo wa milimani.

Haya yote nayajua. Tatizo ni kwamba nikimweleza mtu habari za kwato, anabonyeza lifti mara mbili.

Salimu akisema tu "habari za asubuhi", lifti inafika, inafunguka, inaondoka, na watu bado wamesimama wanamsikiliza.

Wiki iliyopita Madam alitangaza kwamba watakuja wageni, wajukuu wa waliojenga jengo, na mmoja wetu atawaeleza ile picha. Akamchagua Salimu. "Ana maneno," alisema.

Ijumaa Salimu akaja getini na kidaftari chake. "Dada Zuena, nisaidie. Mimi farasi namjua wa kwenye kanga tu."

Nikampa yote. Java, kwato, visubi. Akaandika kwa adabu. Kisha akauliza, "Na hapa mbona kainama hivi?"

Ndipo wivu uliponipanda. Nikamwambia farasi huyu alikuwa hapiti kaburi. Akiliona anasimama, anainamisha kichwa, na hata umchape hasogei mpaka amalize.

"Wallahi?"

Sikuapa. Nilisema, "Ndivyo ilivyo." Mimi ni mwongo mwangalifu.

Nilitaka wageni wamcheke. Basi.

Leo wamekuja. Nilikuwa nachungulia kupitia mlango wa kioo. Salimu alipofika kwenye makaburi, bibi mmoja wa Kizungu mwenye mkongojo alianza kulia. Salimu alinisimulia baadaye alichosema: babu yake alikuwa akisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Uongo wangu una siku sita, na tayari umepata babu.

Kisha Salimu akanyoosha kidole kuelekea kwangu, na wote wakageuka wakapiga makofi. Kwenye kioo sauti haipiti, nikadhani wananicheka. Madam akatoka bila koti.

"Eish, Zuena! Salimu anasema wewe ndiye mwalimu wake. Miaka yote hii umenyamaza? Tunaweka kibao chini ya picha. Kesho niletee mistari mitano, na ile ya makaburi isikosekane." Akashusha sauti. "Na kiti nadhani nimeshajua ni cha nani."

Salimu naye akapita akicheka. "Basi dada, ukishakaa kwenye hita usinisahau na chai."

Angeiba maneno yangu, ningemchukia nikalala usingizi mzuri. Lakini hapana. Hata wema amenitangulia.

Nimekaa na karatasi tangu niliposwali magharibi. Mistari minne ilitoka haraka: meli, kwato, mwendo, visubi na vita. Wa tano ndio unaonitazama. Farasi huyu hana mtu wa kumsemea. Kibao kikishasema alikuwa akiinamia makaburi, hakuna farasi atakayesimama kukanusha. Ataishi akifanya jambo nililomsingizia kwa ajili ya hita.

Na mimi ninajua kwa nini ameinama. Miaka minne nimepita mbele yake nikienda kusaini daftari la zamu. Ukisogea karibu utaona kwenye pembe ya mdomo mchoraji ameweka majani matatu ya kijani, membamba kama uzi.

Nimeuandika: "Kichwa kimeinama kwa sababu anakula."

Kesho nitamwambia Salimu kwanza, kisha Madam. Yule bibi sijui nitamwambia nini. Labda nimwachie babu yake.

Kiti atapewa Salimu. Nitamwonea wivu mpaka Septemba, baridi ikiisha.