Maji Uliyoagiza na Kiatu Usichoagiza

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshaitikia "marahaba" kwa sauti, ingawa anayekusomea ni Rukia na wala si mimi. Hujambo lakini? Mama hajambo na kifua chake? Nyumba nzima ya Mkunazini wazima? Mimi mwanao Mwanaisha mzima wa mwili, alhamdulillah, ila moyo haujatulia, na sababu yake ni wewe.

Rukia, mdogo wangu, msomee Baba polepole. Usije ukaruka palipo na maneno makali ukasingizia mwandiko. Nakujua wewe.

Baba, nimeona niandike kwa sababu simu imetushinda. Nikikuuliza halua ya sikukuu ilitokaje, unanisikia vizuri, unanieleza mpaka iliki ulizotia. Nikikuuliza mguu, basi: "Sikusikii mwanangu, mtandao huo, ngoja nikupe mama yako." Mtandao gani huo unaojua kuchagua maneno? Barua haina mtandao. Barua utakaa uisikilize mpaka mwisho, maana najua umeshawatangazia wenzako barzani kwamba mwanao kakuletea barua kutoka Ulaya, na watakuuliza imesema nini.

Rukia kanieleza yote. Kanieleza kwamba kidonda cha sukari cha mguu wa kushoto kimekataa kufunga, kwamba kidole kidogo na kinachokifuata vimeshakuwa vyeusi, na kwamba daktari kasema vidole hivyo viwili vikatwe sasa, la sivyo uozo utapanda na utakuja kukatwa mguu. Kanieleza na ulivyomjibu daktari wa watu: "Mwanangu yuko kwenye mji wa maji ya tiba, wafalme wameponea huko. Ataniletea. Mie sikatwi." Halafu ukarudi barzani ukawahadithia, na Ami Haji, ndugu yako ambaye tangu azaliwe hajakupinga hata kwa jambo moja, akasema hayo ndiyo maneno.

Wallahi, nilipoambiwa hivyo nilikaa kitako kwenye ngazi za hamamu, hii nyumba ya kuogea wageni, na ndoo yangu mkononi, nikasahau kwamba niko kazini.

Ni ile video niliyomtumia Rukia. Umewaona watu wanatembea taratibu kando ya mto, kila mmoja na kikombe chake, wanafyonza maji ya chemchemi. Umeziona picha za wafalme ukutani hotelini, na magongo yametundikwa, ya watu walioingia wakichechemea wakatoka wakitembea. Sasa skiza nikueleze mji wenyewe, maana video haikuonesha hata nusu.

Mji huu, ambao jina lake ulijaribu kulitamka mara moja ukaishia kukohoa, umejibana ndani ya bonde, na katikati yake unapita mto. Usidhani mto mkubwa. Ukirusha kandambili inafika ng'ambo. Habari zake nimezipata kwa Bi Marta, mama mtu mzima ninayefanya naye kazi hamamuni. Yeye kazaliwa hapahapa, na wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake.

Anasema zamani hapakuwa na kitu ila vibanda vya wakata kuni, na chemchemi ya maji ya moto inabubujika ukingoni. Na unajua wakata kuni wale waliyafanyia nini maji hayo? Unisamehe Baba, lakini kweli lazima uambiwe. Walikuwa wakinyonyolea nguruwe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maji unayoyangojea.

Halafu akaja tabibu mmoja akaandika kwamba yanaponya tumbo. Akaja mfalme na tumbo lake. Na mfalme akishakuja, kila mwenye nafasi naye anataka aumwe tumbo mahali hapo hapo. Zikajengwa nyumba za wageni kando ya mto, roshani juu ya roshani, zimepakwa rangi za sharubati, na wakata kuni wakageuka wapagazi na wafua nguo.

Muda si muda, kule juu ya mto pakaonekana udongo mweupe. Vikajengwa viwanda vya vyombo vya kauri, kama vile vikombe vya kahawa alivyokuachia babu ambavyo hutaki hata tuvioshe. Juu yake tena vikaja viwanda vya kutia nguo rangi. Basi mto mmoja ukawa na miji miwili ya namna mbili: huku juu watu wanatoa moshi na kukohoa, huku chini watu wanalipa ili wavute hewa safi. Bi Marta anakumbuka, yeye bado mtoto mdogo, mto unapita mweupe kama tui, kesho yake mwekundu, kesho kutwa buluu. Wenye hoteli wakalalamika. Wakakubaliana na wenye viwanda: rangi imwagwe wakati wageni wako mezani wanakula na mapazia yamefungwa. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mgeni akimaliza kula, akitoka roshani, mto umeshatakata, anasema mashallah, maji gani haya.

Baba yake Bi Marta alikuwa mtu wa kiwanda cha kauri. Kila alfajiri akenda kazini alipita chemchemini akajaza kikombe chake, bure, maana mwenyeji hauziwi maji. Kanywa hivyo umri wake wote. Vumbi la kauri likamjaa mapafuni, akafa akikohoa, na nyumba yao na hiyo chemchemi zinatazamana. Nilimuuliza, "Maji hayakumsaidia hata kidogo?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Yalimsaidia kiu," akanambia.

Na yale magongo ya ukutani? Nikamuuliza pia, kwa ajili yako. Alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema hoteli ile ilipopakwa rangi upya, mwenye hoteli alikwenda kuyanunua mnadani, akaona yatapendeza karibu na mlango.

Viwanda navyo vilikufa, kimoja baada ya kimoja. Nguo na vikombe siku hizi vinatoka mbali huko kwa bei rahisi. Hamamu ninayofanyia kazi ilikuwa kiwanda. Palipokuwa tanuri sasa ni bwawa la maji ya moto, na bomba la moshi wameliacha wageni wapige picha. Watoto wa waliokuwa wakichoma kauri ndio wanaobeba mataulo, na mimi wa Mkunazini pamoja nao. Nikitazama nnakumbuka hoteli ya pwani kule Matemwe, nilipokuwa nikiwafanyia wageni singo, kuwasugua mwili kwa karafuu na maua ya asumini kama nilivyofundishwa na bibi. Kule nako wanawake wanaolima mwani walikuwa wanazunguka ukuta wa hoteli na magunia yao kichwani ili wafike pwani yao wenyewe. Nilidhani yale ni mambo ya kwetu tu.

Nisikufiche, Baba, nna upweke. Nilikuwa sitaki kukwambia, lakini ukinificha mguu nami nikikuficha moyo tutakuwa tunaongea nini? Kazi yenyewe ya kimya. Ukutani pameandikwa watu wasizungumze, wageni wapumzike. Nasinga migongo kutwa na sijui hata sauti zao. Juzi sikukuu nilivaa dera langu jipya, nikajitia udi, nikashuka chini, nikamkuta mwenye nyumba anatoa takataka, akanambia habari za asubuhi, basi. Ndiyo Idi yangu hiyo. Siku hizi nikirudi chumbani nabisha hodi mlango wangu mwenyewe na kujiitikia karibu, angalau nisikie maneno hayo. Nilijaribu na kupika halua. Ikawa gundi. Nililia, na wala sikulilia halua.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nyuma ya hamamu kuna kichochoro, na ndani yake pana fundi viatu. Nimekuwa nikipita kila siku nisimtie maanani. Wiki ile niliyoambiwa habari za mguu wako, mvua ilinikimbiza nikaingia dukani kwake. Baba, ukuta mzima umejaa miguu ya mbao, ile kalibu wanayoshonea viatu. Nikaitazama vizuri. Huu hauna kidole gumba. Huu hauna vidole vitatu. Huu umekatwa nusu. Nikamuuliza, "Hawa ni kina nani?"

"Wageni wa maji," akasema. Hakuinua hata uso. "Wenye sukari. Wanakuja kila mwaka, wanakunywa. Halafu wanakatwa makwao, halafu wanakuja kwangu."

"Wote?"

"Waliowahi ndio hao unaowaona. Waliochelewa huagiza kiatu kimoja tu."

Nilishika mlango nitoke, nikauachia. Nikamwambia, "Nna baba yangu."

Unakumbuka siku niliyoondoka, ulikanyaga karatasi pale ukumbini, ukamwambia Rukia akuchore unyayo kwa kalamu ya risasi, wa kulia na wa kushoto, nije nikuletee viatu vya Ulaya? Mama akakucheka, akasema mguu kama wa kiboko utapata wapi kiatu. Sikukuletea, maana viatu vya madukani vyote vyembamba. Lakini karatasi nnayo. Iko ndani ya sanduku, chini ya kanga za Mama. Nikizidiwa na upweke naitandika sakafuni na kuuweka mguu wangu juu ya mguu wako, na kila siku mguu wangu ni mdogo.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akainyoosha mezani, akanipa kalamu, akanambia nimuonyeshe wapi patakatwa.

Baba, niliishika kalamu nisiiguse karatasi mpaka fundi akaondoka kwenda dirishani kujifanya anatafuta kitu. Mguu ule umesimama mbele ya sufuria la halua tangu sijazaliwa. Mguu ule nilikuwa naupanda nikiwa mdogo, unatembea nami ukumbini, mimi juu yako, unanambia shika sana. Na mimi huyu huyu ndiye niliyepiga mstari kwenye kidole kidogo, nikapiga na cha pili yake. Nilijiona namkata baba yangu. Halafu nikatazama vilivyobaki. Gumba kipo. Viwili vingine vipo. Unyayo wote upo, na kisigino chako kipana kipo. Nikasema, ya Rabbi, kumbe nabakiwa na mtu mzima mzima.

Kiatu kimeshashonwa. Cha ngozi laini, cheusi, kipana kama mguu wako, hakuna wa kukucheka tena. Cha kushoto ndani yake kina nafasi ya vidole vitatu tu, na pembeni fundi kajaza sufi na kushona juu yake. Anasema mwenye kukatwa vidole hivyo viwili anasimama kazini na kutembea vizuri, mtu wa barzani hatajua mpaka aambiwe. Sufuria lako litakungoja.

Viatu vyote viwili vinaletwa na Bi Zuwena wa Fumba, aliyekuja huku kumtazama mwanawe na sasa anarudi. Na kwa kuwa wewe ni baba yangu na umeniamrisha, kapewa na chupa ya maji. Nimeyateka mwenyewe. Nimeyaonja, yana ladha ya msumari. Lakini nimemwapisha Bi Zuwena: asikupe hata tone mpaka akukute umelala kitandani hospitali, mguu umefungwa bendeji na kazi imekwisha. Hapo unywe, Baba, unywe mpaka uridhike, na barzani uwaambie wote kwamba maji ya binti yako ndiyo yaliyokuponya. Sitakukanusha. Nitaapa pamoja na wewe.

Likizo nimeomba. Sijui watanipa lini, lakini nitakuja, inshaallah, na nikitoka uwanja wa ndege nataka nikuone umesimama. Sitaki kuja kusukuma kiti cha magurudumu, na sitaki kuja kuoneshwa kaburi. Nimesema. Unikasirikie ukitaka, niko mbali, bakora yako hainifiki.

Nisalimie Mama, umwambie kanga zake bado zina harufu yake ingawa nimezifua. Nisalimie Ami Haji, na umwambie mtoto wa nduguye anamuomba safari hii akupinge, mara moja tu katika umri wake. Nisalimie Shangazi Mwanakhamis, atie dua lakini asitie tena majani kwenye kidonda. Nisalimie Mzee Pandu, mkoroga halua mwenzako, ashike mwiko kwa muda. Na wewe Rukia uliyesoma mpaka hapa bila kuruka, nakushukuru. Mshike Baba mkono kesho asubuhi mwende hospitali, na msipitie barzani.

Fundi nimemuuliza kama kile kiatu kinaweza kufumuliwa kikarudishwa kuwa cha vidole vitano. Kasema hakifumuliki.

Ni mimi mwanao, ninayekuogopa bado na ninakupenda,

Mwanaisha