Kenge Wangu Ndani ya Sinema

Jumatatu, 4 Machi 1957

Leo Lotte kaanza kazi! Kenge wangu, yule anayelala nyuma ya jiko la Mama hapa Burbank, sasa ni dinosaria. Nimembandika pezi la mpira mgongoni, kwa ile gundi ya kubandikia masharubu ya waigizaji, na vipembe viwili juu ya pua. Kavumilia. Kanilamba kidole kwa ule ulimi wake wenye panda — labda kwa mapenzi, labda kwa harufu ya kuku niliyemla mchana.

Gressler, mwongozaji wetu, kaja kumkagua. Kaizunguka meza kama mtu anayenunua ng'ombe. Kasema sawa, anatisha kuliko mama mkwe wake. Halafu kasema — nilitaka kuruka! — kwamba picha ikiisha, jina langu litatokea kwenye pazia la sinema, peke yake: dinosaria wametengenezwa na Irma Zabel. Miaka yote hii najenga vijumba vya vibao na mitende ya waya. Sijawahi kuandikwa popote, hata kwenye mlango wa choo.

Mama kusikia kasema: wenzio wanaleta bwana nyumbani, wewe umeleta kenge, na sasa umemtafutia ajira.

Jumatano, 6 Machi

Lotte kabomoa mji wangu wa vibao. Alianza polepole, maana studio ilikuwa na ubaridi wa asubuhi, na kenge akipoa ni gogo tu. Taa zikamkolea, akachangamka, akapiga mkia, kanisa langu likaenda! Kazi ya wiki nzima ile. Nilipiga makofi.

Emmett wa kamera anaikimbiza filamu upesi sana. Ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, Lotte anaonekana anatembea kwa uzito, tani na tani. Nimemwambia aje anipige picha mimi hivyo hivyo nikipanda ngazi, Mama aone nilivyochoka.

Gressler na kile kipaza sauti chake: "Mkali, dada! Mfanye awe mkali!" Lotte kalala juu ya kituo cha polisi, kafumba macho. Joto tamu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Pezi limetoka.

Lotte anajivua gamba. Rangi yake ilikuwa imefifia tangu mwanzo wa wiki, niliona kabisa, nikajiambia ni vumbi. Nilikuwa nalitaka lile jina, macho yakakubali kutoona. Kumbe gundi haikumshika kenge, ilishika gamba la zamani! Katikati ya kuvuka mto wetu wa studio, ngozi ikabambuka kama karatasi ya ukutani, na pezi langu likaelea peke yake. Emmett kacheka mpaka kaketi chini. Nimejaribu kulibandika tena. Haiwezekani. Ngozi mpya ni laini mno, gundi inamuunguza, anajikunja. Nimemwosha kwa maji ya uvuguvugu, nimemwomba radhi.

Kwa hiyo nusu ya picha ina dinosaria mwenye pezi, nusu nyingine hana. Nikamwambia Gressler, nani ataona? Kasema watoto wataona, na watoto hawasamehe.

Jumatatu, 11 Machi

Gressler kapata dawa. Kaja anatabasamu tangu mlangoni. Pezi litang'olewa vitani! Atakuja dinosaria wa pili, watapigana, na baada ya hapo Lotte anaendelea bila pezi, kila kitu kinaeleweka. Nikamsifu. Nikauliza huyo wa pili ni nani. Mamba! Mamba kijana kutoka kwa mzee Lafe Turnbow, yule anayefuga mamba wa kuonyesha watalii.

Nikasema vizuri, tutawapiga picha kila mmoja kivyake, halafu mkata filamu atawaunganisha. Ndivyo tufanyavyo siku zote.

Kasema: "Hapana, bibie. Watu wamechoka kutazama mijusi inakodoleana macho. Safari hii wapigane kweli."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Gressler sitaki. Kasema basi nimpe kenge, niondoke, pezi na jina atapewa mtu mwingine, na kenge nimeshamkodisha kwa picha nzima. "Mjusi ni mjusi, Irma. Nitakununulia mwingine." Nikataja mkaguzi wa wanyama. Kasema mkaguzi anakuja siku za farasi na mbwa tu. Kenge hana mtetezi.

Mzee Lafe kaleta mamba wake katika lori. Mtu mpole, kanipa peremende. Nikamuuliza kama hawa wawili wanaweza kukaa pamoja. Kasema: "Msafara wa mamba na kenge wamo, binti. Ila wakifika kwenye chakula, msafara unavunjika." Mamba hajalishwa. Gressler kaagiza hivyo.

Jioni nimemweleza Mama. Kampasulia Lotte yai, kamsogezea bakuli. Kisha kasema jina kwenye pazia linakaa muda wa mtu kukohoa.

Najua. Lakini nautaka huo muda. Nautaka sana, ndiyo aibu yenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata!

Kenge wa baridi hapigani. Kesho nitamweka kwenye friji ya studio, si sana, apoe tu. Atalala kama gogo. Gressler atapiga kelele, atachoka, atarudi kwenye mkasi na gundi ya mkata filamu. Mimi sitakuwa nimekataa kitu. Lotte mzima, jina lipo. Najiona mjanja! Nimekula keki vipande viwili.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nimekaa juu ya volkano ya studio. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni. Naandika ili nisimjibu Gressler.

Mambo yalikwenda nilivyopanga. Lotte kalala mtoni, hageuzi hata jicho. Gressler kamchungulia, nikasubiri akasirike. Kafurahi! Kasema: "Safi kabisa. Huyu hatakimbia."

Nikatazama upande wa pili. Mzee Lafe alikuwa kamweka mamba wake chini ya taa tangu asubuhi. Yuko moto, anahema, njaa imemjaa. Na wangu nimempoza kwa mikono yangu! Asiyeweza kupigana hawezi kukimbia pia. Hilo kila mtu wa kazi hii analijua, na mimi ndiye niliyesahau. Wanasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Kenge mwenyewe ni mimi.

Wakamwachia mamba. Nikaingia. Nimekanyaga mitende, nimekanyaga kituo cha polisi, nimemnyakua Lotte nikamtia ndani ya sweta, nikapanda huku juu. Baridi yake tumboni — nimepiga ukelele. Mzee Lafe kamwahi mamba mkia, kamkumbatia hivi hivi. Emmett hajazima kamera. Kasema hajaambiwa azime.

Gressler alianza kwa matusi. Sasa kabadilika, sauti tamu, hata kipaza sauti kakiweka chini. Nishuke, nimrudishe pale mtoni, yaishe, ataniandika kama alivyoahidi. Kamtuma mtu alete kibao cha jina, kimeshachorwa. Kaninyanyulia nione. Herufi nyeupe juu ya msitu mweusi. IRMA ZABEL. Ile Z imekaa vizuri mno. Nimeitazama kwa muda, siwezi kusema uongo hapa. Nzuri kweli.

Ndipo Lotte, joto langu limemwingia, kasogea. Ukucha mmoja ubavuni. Halafu wa pili.

Nikamwambia Gressler afute, aandike jina la mamba.

Kaokota kipaza sauti chake. Anawaza, na mawazo yake nayajua. Mzee Lafe, bado kamshikilia mamba, anasema: "Binti, mikono yangu ni ya mzee, unashuka upande gani?" Sijui bado, huku mto, huku mamba. Volkano inabonyea chini yangu, ni karatasi na waya tu, niliijenga mwenyewe. Na Lotte anakwaruza, makucha yote sasa, anapanda kifuani kutafuta joto zaidi, anapanda shingoni —