Siku ya Arobaini na Sita

Masjala, Tunduma,
2 Juni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili, maana wa moyo najua bado. Pole sana kwa kuondokewa na Mama Mkubwa. Mdogo wangu Angel aliponipigia simu nilikuwa kazini, nikakaa juu ya boksi la mafaili mpaka mtu akaja kuniuliza kama naumwa. Pole na joto la Kamsamba pia. Najua mtu wa milimani kwetu Ruanda kama wewe ukishuka huko unalalamika kwamba hata maji ya kunywa yanakuja yamechemka yenyewe. Miguu je? Ile dawa ya kuchua uliichukua, au imebaki juu ya kabati kama kawaida yako?

Mimi sijambo, nakula, nalala, na kanisani naenda, kabla hujauliza. Tunduma ni baridi na vumbi, na foleni ya malori ni ile ile.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, ukipigiwa matangani unaiweka sauti ya juu, na akina mama wote wa jikoni wanaitikia kabla yako. Haya ni ya masikio yako. Nimempa Clement, yule wa Mlowo anayefuata mchele huko, akukabidhi mkononi, kisha Angel akusomee mkiwa wawili tu. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kuna mwanamke nafanya naye kazi anaitwa Mwasiti Zahoro. Ni mkaguzi wa mazao, yaani malori ya mahindi yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hayavuki mpaka ayaone. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni na anatembea na gongo. Siku ya kwanza kumwona kazini nilisimama kama mjinga. Alilitundika gongo begani, akashika ngazi ya lori, akajivuta kwa mikono mpaka juu ya turubai, akachoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, kwenye gunia, akazitazama punje kiganjani na kusema mzigo ule umelowa upande mmoja. Dereva akaapa kwamba haujalowa. Walipopekua upande ule ulikuwa umelowa. Madereva wa ng'ambo wanamwita Bamayo, na kwa Kibemba hilo ni jina la heshima, la mama.

Miaka miwili alikaimu ukuu wa kitengo chake. Nafasi ilipotolewa rasmi akapewa kijana ambaye Mwasiti mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bambo. Barua aliyoandikiwa ilisema kwamba kutokana na hali yake ya viungo, majukumu ya ukuu yangemwelemea. Mimi ndiye karani wa masjala, kila barua inapita kwangu, kwa hiyo niliisoma kabla yake. Nikachungulia dirishani nikamwona yuko juu ya lori, anamfokea mtu.

Hakulia wala hakugombana. Aliandika malalamiko kwa mkuu wa ofisi, kurasa mbili, kwamba amebaguliwa kwa sababu ya mguu wake, akaomba ajibiwe kwa maandishi. Jibu liliingia masjala tarehe 24 Februari. Lilimkatalia. Lakini mstari wa mwisho ulisema kama hakuridhika anaweza kukata rufaa kwenye Tume ya watumishi wa serikali ndani ya siku arobaini na tano, tangu siku atakayoipokea barua.

Mama, nimekaa masjala miaka tisa. Kila asubuhi nasogeza kigurudumu cha tarehe kwenye muhuri kwa ncha ya kidole, huku nawaza chai. Sikuwahi kufikiri kwamba kale kagurudumu kanabeba maisha ya mtu. Sasa nakiogopa kile kimuhuri, na sikutanii. Nikikigonga, siku zinaanza kutembea, na hazimsubiri muuguzaji wala mfiwa.

Na Mwasiti alikuwa vyote viwili, muuguzaji kwanza, mfiwa baadaye. Tarehe 24 ile alikuwa Mbeya, hospitali, kando ya kitanda cha mumewe Abdulwahab. Tarehe 27 Abdulwahab akafariki. Wakamrudisha Tunduma wakamzika, na Mwasiti akaingia eda. Nami nikaiweka barua yake kwenye droo, chini ya chupa ya wino, nikaifungia.

Usinishangae. Unakumbuka Baba alipofariki, na yule ng'ombe wa maziwa akafa kesho yake? Tulikuficha wiki nzima. Mjomba Rabson akawa ananunua maziwa kwa jirani asubuhi na kuyaleta kama yetu, nawe ukisifu jinsi ng'ombe alivyokazana kutoa maziwa. Ulipojua ulilia, ukatuita wote ukasema tulikuheshimu, kwamba mfiwa haongezewi mzigo. Neno lile nililibeba mpaka kazini. Halafu kuhusu eda mimi nilijua nilichokisikia mitaani tu: kwamba mwanamke akiwa ndani hatoki, haonwi na wanaume, hapelekewi chochote cha nje. Nikaona hata karatasi ni kitu cha nje. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa na wafanyakazi wenzangu Waislamu watano ofisini, Mama, na sikuuliza hata mmoja.

Nikajiambia nitasubiri arobaini. Familia ikaisogeza khitma mpaka Jumamosi, tarehe 11 Aprili, ili ndugu wa mbali wafike. Nilienda nikiwa na barua mfukoni. Nilikula pilau ya watu, kisha nikamvuta pembeni Shamimu, mdogo wake Mwasiti, nikamuuliza kwa unyenyekevu kama sasa inaruhusiwa kumpelekea mfiwa barua. Akacheka kwanza. Alipoona sicheki akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba eda inamzuia dada yake kuolewa, kujipamba na kutokatoka bila sababu ya msingi. Haimzuii kusoma. Akaongeza kwamba dada yake tangu wiki ya pili alikuwa anauliza kama ofisini wamejibu.

Nikakalishwa sebuleni, Mwasiti akiwa chumba cha ndani, kati yetu pazia. Shamimu akaipeleka barua. Nikasikia bahasha inachanika, halafu masufuria yanaoshwa uani. Kisha Mwasiti akauliza, kwa sauti yake ile ya juu ya lori, leo ni tarehe ngapi. Nikamjibu. Akaniomba tuhesabu wote tangu tarehe ya muhuri, ambayo ndiyo Tume itakayoiona, maana yeye kichwa chake siku hizi hakiamini. Tukahesabu kwa sauti, yeye ndani, mimi nje, Shamimu kasimama mlangoni ameshika pazia. Februari ilitupa nne, Machi thelathini na moja, Aprili kumi na moja. Arobaini na sita. Tukarudia. Arobaini na sita.

Siku moja, Mama. Ningekuja Ijumaa badala ya Jumamosi, tungekuwa salama.

Nilitegemea kilio au tusi. Nisingelaumu lolote. Yeye akaomba kalamu. Akasema sheria inayofunga mlango lazima iwe na mahali pa kubisha hodi, na kwamba ataomba kuongezewa muda siku ile ile, kwa sababu barua haikumfikia mkononi mpaka leo. Kitu kimoja tu alichonituma ni nakala ya ukurasa wa daftari la kukabidhi barua, ule ambao mpokeaji hutia sahihi, ili Tume ione kwamba hakuwahi kusaini. Nikatoka pale nikitembea kwa kushika kuta. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya ujasiri, lakini sijawahi kuuona umekaa nyuma ya pazia unaomba kalamu.

Jumatatu nikampelekea nakala. Na hapo, Mama, ndipo palipo na jiwe. Ukurasa ulikuwa na jina lake, Mwasiti Zahoro, limeandikwa vizuri, na mbele yake tarehe 24 Februari. Kwa karatasi ile alikuwa amepokea siku ile ile ya kwanza, na sasa anadanganya. Mkuu wa ofisi alipopata habari alisema sahihi ipo na mjadala umekwisha.

Shamimu aliniambia baadaye kwamba dada yake aliutazama ukurasa ule muda mrefu. Kisha akasema mwandiko ule anaujua, ameuona kwenye bahasha zake zote kwa miaka minane, na aliyeuandika hakuwa na nia mbaya. Hatamtaja. Akasema jambo la namna ile mtu hulisema mwenyewe au halisemwi. Akaandika maombi yake bila kumshtaki yeyote, akijua kabisa kwamba bila jina la aliyesaini watamwona mwongo na rufaa itatupwa. Alikuwa tayari kupoteza haki yake kuliko kunivua nguo mbele za watu.

Ndiyo, Mama. Ni mimi.

Siku ile msaidizi wa mkuu alisimama mlangoni akataka sahihi kabla ya saa tisa, kwa kuwa barua ya mtumishi haikai masjala bila kusainiwa. Mwasiti yuko Mbeya. Hapa kwetu mtu akiwa na mgonjwa, mwenzake anamsainia, tumezoea hivyo, tunamwambia akirudi na tunacheka. Nimewasainia watu barua za likizo, za semina, za sare. Nikachukua kalamu nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri unaousifia kwa majirani. Sikuandika hata kwamba ni kwa niaba. Siku zake zikaanza kukimbia kwa mkono wangu, na baadaye nikazifungia kwenye droo nikiita hiyo heshima.

Usiku mbili sikufunga jicho. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayenigusa, na nikisema naweza kuipoteza kazi. Nilikuona wewe ukisimama kanisani Ruanda mwaka ule nilipoajiriwa, ukiwaambia watu kwamba katika nyumba yetu huyu ndiye wa kwanza kuingia serikalini, na wakapiga makofi. Makofi yale yalinisumbua kuliko mkuu wa ofisi.

Siku ya tatu nikaenda mbele ya hakimu nikala kiapo. Nikaandika kwamba jina lile niliandika mimi, Lwitiko, kwamba barua niliizuia mimi, na kwamba Mwasiti aliipokea tarehe 11 Aprili mchana, nikiwa nasikia bahasha ikichanika. Kisha nikarudi masjala, nikakipokea kiapo changu mwenyewe, nikasogeza kigurudumu, nikagonga muhuri, nikakipeleka.

Jibu la Tume lilikuja tarehe 26 Mei. Sikuligusa kwa kalamu. Nililipeleka siku hiyo hiyo, nikampa Shamimu daftari, nikamwambia dada yake asaini mwenyewe. Wamekubali kuhesabu siku zake tangu siku aliyoipokea kweli. Hawajasema ameshinda. Wamesema atasikilizwa. Shamimu alitoka na daftari, na ile sahihi, Mama, ni mbaya, imepinda kama njia ya mbuzi, haifanani hata kidogo na niliyoiandika mimi. Niliitazama nikaona aibu na furaha kwa pamoja, nikageuka niondoke. Mwasiti akaniita kupitia pazia. Akaniambia asante kwa kuja leo na si kesho.

Tarehe 28 nami nikakabidhiwa yangu. Ni hati ya mashtaka, kwa kughushi sahihi na kuzuia barua ya serikali. Nina siku kumi na nne za kujieleza, na leo ni ya tano. Nimesaini mwenyewe, jina langu, na nimeanza kuandika utetezi, ingawa sina mengi ya kukana. Huenda wakanionya, huenda wakanifukuza. Sijui.

Mama Mkubwa akafariki siku mbili baadaye. Kila niliyemshirikisha aliniambia nisubiri matanga yaishe, mama yako amefiwa, usimwongezee mzigo. Ni maneno yako yale yale, na yana upendo ndani yake. Lakini nimeona linalotokea kwa habari iliyofungiwa kwenye droo. Ningekuficha, ungeisikia kwa mtu wa Mlowo sokoni, siku zangu zikiwa zimekwisha, nawe ukiwa umenyimwa nafasi ya kunigombeza, kuniombea, au kuniambia niandike nini. Kwa hiyo nimekuongezea mzigo ndani ya msiba, kwa makusudi. Nisamehe. Ni heshima pia, ila nimechelewa kuijua.

Nakuomba kitu kimoja. Angel akimaliza kusoma, asikuandikie yeye. Shika kalamu mwenyewe, hata mkono ukitetemeka, ujaze pale chini, kisha Clement anirudishie ukurasa huu. Hata kama hutaki kuniandikia neno jingine lolote, nitajua siku uliyojua.

Wasalimie wafiwa wote, Mjomba Rabson, na Angel mwenyewe anayesoma hapa huku akinionea huruma. Mwambie Mama Mkubwa, ukienda kaburini, kwamba nitakuja. Mungu akutunze, na dawa ya miguu uipake.

Ni mimi mwanao,

Lwitiko.

Imepokelewa na mimi mwenyewe, mama yake, tarehe ...............................