Wiki Niliyobeba Neno "Keep"

Jumatatu, 3 Juni
Karai baada ya karai tangu asubuhi. Zege la nguzo, ngazi za mbao, jua la Kinanira. Shingo inauma. Nina miaka arobaini na mmoja na hii ni kazi ya vijana.

Injinia wetu ni Mganda. Kifaransa hajui, Kirundi anajua salamu tu. Leo ametangaza kwamba anataka mtu wa depo: kupokea simenti na vyuma, kuandika, kuongea naye kwa Kiingereza. Nikasema mimi. Mafundi wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini sikuwa natania.

Akasema Jumamosi atakuja kwenye klabu yetu ya Kiingereza kunisikiliza. Nikisimama dakika kumi nikiongea, depo ni yangu. Nikishindwa, nabaki na karai.

Jumanne, 4 Juni
Klabu yetu ya Kiingereza hapa Buyenzi ina desturi yake. Mgeni anapewa neno moja. Analibeba siku kadhaa, kisha anasimama mbele kueleza maana zote za neno hilo, na watu wanamuuliza maswali. Ndipo anahesabiwa mwanachama. Mimi nimekaa benchi la nyuma miezi mitatu nikikwepa. Woga tu.

Jioni nikaenda kwa Madamu Spesi, mwalimu wa lise, shule ya sekondari, anayeongoza klabu. Nikamwomba neno langu. Akanipa "keep". Nikafurahi. Herufi nne. Nikadhani ni dogo.

Jumatano, 5 Juni
Si dogo.

Nimeazima kamusi kwa jirani. Kufuga mbuzi, keep. Kutimiza ahadi, keep. Kubaki na kitu kisirudi kwa mwenyewe, keep. Kutunza siri, kunyamaza, kumchelewesha mtu, kuendelea kutembea, hata Mungu akikulinda. Kwetu Kasongo, Kongo, kila kazi ina neno lake. Hawa wamepakia vyote juu ya punda mmoja, na punda anatembea.

Niliacha shule darasa la tano. Kifaransa niliingizwa kwa fimbo. Hakuna aliyeniambia kwamba neno linaweza kumfurahisha mtu hivi. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeandika yote kwa penseli ya seremala kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti. Maana kumi na saba, kila moja na mfano wake. Mwandiko mzuri, nasema mwenyewe.

Dereva wa lori la mchanga, mtu wa Kigoma, amenipa nyingine. Kwao mzunguko wa barabara unaitwa kipilefti, kwa sababu ya kibao cha "keep left" kinachowaambia wapite kushoto. Sisi hapa tunapita kulia. Nikaiandika pia.

Nimefanya mazoezi mbele ya Nestori, msaidizi mwenzangu. Kiingereza hajui hata kidogo. Alisikiliza hadi mwisho akasema nimeongea kama waziri.

Ijumaa, 7 Juni
Siku mbaya.

Tumemwaga zege la sakafu ya juu. Zege halisubiri, nimekosa sala ya Ijumaa. Naona aibu. Shati langu lilikuwa kwenye msumari, karatasi mfukoni, kona imechungulia nje. Nestori alihitaji ngata ya kuweka kichwani chini ya karai. Sisi wote ngata tunakunja kwa karatasi za simenti. Akaona karatasi ya simenti. Akaikunja.

Nimeipata saa tisa, uji mtupu. Maneno yangu yote yamemtiririkia shingoni.

"Mi nilizani karatasi tu, muzee," akasema. "We unaandikaka kwenye ngata?"

Nilitaka kumpiga. Kosa ni langu. Nani anaandika kitu cha maana kwenye karatasi ile, mahali pale?

Kamusi imerudi kwa mwenyewe, na mwenyewe amesafiri kwenda Gitega. Nimejaribu kukumbuka. Nimefika sita.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi kazi za jamii, kama kila Jumamosi. Nimefyeka majani nikinong'ona Kiingereza. Watu wamenitazama.

Saa tisa klabuni. Injinia amekaa mbele, shati jeupe. Madamu Spesi ameita jina langu. Nimesimama. Kichwa kitupu, hata zile sita zimepotea. Mtu amekohoa. Nestori alikuwa mlangoni, amekuja kwa kujutia kosa lake, ameficha uso kwa mikono.

Nikachukua kiti cha plastiki nikakiweka kichwani. Sijui kwa nini. Mwili ulijua wenyewe. Nikaanza kutembea na kusema kwa Kiingereza changu kibovu: naiweka shingo wima, naendelea kupanda, namwambia wa nyuma asinisogelee, nafunga mdomo ili vumbi lisiingie. Keep, keep, keep. Fundi ananiuliza nini kimenichelewesha. Mungu amenilinda, sijaanguka. Mke wangu niliyemwacha Kasongo nilimwahidi kurudi, na ahadi hiyo bado nimeishika.

Msichana mmoja wa chuo akauliza kwa nini neno la kufuga mbwa liwe hilohilo la kutimiza ahadi. Madamu Spesi mwenyewe aliinua macho. Nikamjibu:

"Vyote viwili vinataka kulishwa kila siku."

Walipiga meza. Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Dakika kumi na nne, na kiti bado kichwani. Akaja akanitua kiti kwa mikono yake, akasema Jumatatu nianze depo. Nestori alinibeba mgongoni hadi barabarani. Sijawahi kubebwa tangu nikiwa mtoto. Nina furaha. Sina la kuongeza.

Jumatatu, 10 Juni
Depo ni kibanda cha mabati chenye stuli na daftari. Lori moja asubuhi. Injinia ameongea haraka, nimeshika nusu. Nusu nyingine nimeuliza, akarudia bila kukasirika.

Nestori amepita na karai, akaniita patron, yaani bosi. Nimemwambia apunguze zege kwenye karai.

Mchana nimekula nimekaa mlangoni. Ukiwa na zege kichwani huwezi kugeuza shingo, unatazama ngazi tu. Mwaka mzima niko Kinanira, leo ndiyo nimeliona ziwa kutoka huku juu. Ng'ambo ni milima ya Kongo. Kwetu ni nyuma ya hiyo, mbali sana. Nimetazama mpaka lori la pili likapiga honi.